Ofisi ya makaratasi ya uhamiaji jijini Kampala: hodari kwa vyeti vya Uganda, haifai kwa maamuzi ya uraia wa Marekani

Ofisi ninayoieleza hapa iko katikati ya Kampala, katika jengo lenye maduka ya simu chini na ofisi za mawakili juu, na kazi yake ni kuandaa makaratasi ya watu wanaoombewa viza za uhamiaji na jamaa zao walioko ng'ambo. Familia yetu imeitumia tangu mwaka 2023, pale kaka yangu, anayeishi Waltham katika jimbo la Massachusetts, alipoanza kumwombea mkewe na watoto wawili. Mimi ndiye niliyefuatana na wifi yangu katika shughuli hizo zote, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona. Jina la ofisi silitaji kwa sababu nina lawama nayo pamoja na sifa, na mteja mmoja hatoshi kuwa shahidi na hakimu. Ofisi za namna hii ni nyingi mjini, na mwenye jamaa ng'ambo ataitambua aina yake. Maoni yangu kwa ufupi ni kwamba kwa kuweka sawa vyeti vya Uganda malipo wanayotoza ni haki yao kabisa, lakini kwa kumshauri mtu aombe lini uraia wa Marekani na kwa faida gani, hawapaswi kusikilizwa.

Nianze na lililo jema, nalo ni kubwa. Swali la kwanza la mama aliyetupokea halikuhusu fomu wala fedha. Aliuliza kama kanisa lilipeleka taarifa ya ndoa kwenye Ofisi ya Huduma za Usajili ya Uganda, URSB. Sisi tulikuwa na cheti kizuri chenye mhuri wa parokia na saini za mashahidi, na tuliamini kwamba ndoa iliyofungwa mbele ya padri na umati wa ndugu haiwezi kuhitaji ushahidi mwingine. Alitueleza kwa utulivu kwamba kanisa lenye idhini ya kufungisha ndoa linatakiwa kuwasilisha taarifa za ndoa hizo serikalini, kwamba makanisa mengi hayafanyi hivyo kwa wakati, na kwamba wapo wanandoa wanaogundua baada ya miaka mingi kuwa serikali haina kumbukumbu yoyote ya ndoa yao. Ya kaka yangu ilikuwa miongoni mwa hizo. Mfanyakazi wao alikwenda na wifi parokiani, akakaa na karani wa kanisa hadi daftari likapatikana, taarifa ikawasilishwa, na hatimaye tukapata nakala iliyothibitishwa na URSB. Bila karatasi hiyo, kila kilichofuata kingejengwa juu ya mchanga.

Alituuliza pia kuhusu kwanjula, na hapo alisema jambo ambalo ningependa kila familia ya Uganda ilisikie. Sherehe ya kujitambulisha kwa wazazi wa mke, hata ikiwa na mahari iliyokamilika na picha za kutosha kujaza albamu, haitoi yenyewe cheti. Ndoa ya kimila inatambuliwa na sheria, lakini sheria ya mwaka 1973 inataka isajiliwe ndani ya miezi sita, na usajili huo hufanyika katika ofisi ya kaunti ndogo au ya mji mahali ndoa ilipofanyika. Marekani hutambua ndoa iliyo halali mahali ilipofungwa, na njia ya kuionyesha ni cheti cha mamlaka ya mahali hapo. Watu wanaotegemea video ya kwanjula peke yake hukwama, na ninahuzunika kila ninaposikia mmoja wao, kwa sababu ndoa zao ni za kweli.

Suala la majina ndilo lililochukua muda mrefu kuliko yote. Kwetu ndugu wa baba mmoja na mama mmoja huweza kuwa na majina yasiyofanana hata herufi moja, jina la ukoo huandikwa mbele shuleni na nyuma kwenye pasipoti, na Nnakato wa kitambulisho cha taifa huwa Nakato kwenye cheti cha ubatizo. Kwetu hayo ni mambo ya kawaida, lakini afisa anayesoma faili akiwa mbali huona watu wawili tofauti. Ofisi hii ilitandaza vyeti vyote vya wifi mezani, ikaorodhesha kila namna jina lake lilivyoandikwa tangu alipobatizwa hadi alipoolewa, ikaamua ni kipi cha kurekebishwa katika Mamlaka ya Kitaifa ya Utambulisho na Usajili, NIRA, na ni kipi kinachoweza kuelezwa kwa hati ya kiapo iliyoapwa mbele ya kamishna wa viapo. Walisisitiza kwamba marekebisho yatangulie na fomu zifuate, wala si kinyume chake. Ni ushauri wa busara, kwa maana jina likishaandikwa katika fomu ya Marekani huifuata familia hadi kwenye viza na kwenye kadi ya kijani yenyewe, yaani kadi ya ukazi wa kudumu wa Marekani.

Walikuwa makini vilevile kuhusu vyeti vya kuzaliwa. Watu wengi wa rika la wifi hawakusajiliwa walipozaliwa, hivyo cheti cha NIRA kinachotolewa mtu akiwa na miaka zaidi ya thelathini kinaweza kuzua maswali, na afisa wa viza ana uwezo wa kupendekeza kipimo cha vinasaba pale anapokuwa na shaka juu ya uhusiano wa mzazi na mtoto. Kwa hiyo walitaka kila kilicho cha zamani: kadi ya chanjo, cheti cha ubatizo, cheti cha mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Binti mkubwa wa wifi, aliyezaliwa kabla hajakutana na kaka yangu, waliandaa sehemu yake kwa uangalifu wa pekee. Mtoto wa kambo hutambuliwa na sheria ya uhamiaji ya Marekani ikiwa ndoa ya mzazi ilifungwa kabla mtoto hajafikisha miaka 18. Binti alikuwa na miaka 14 ndoa ilipofungwa mwaka 2022, na tarehe hizo mbili zilipaswa kuonekana wazi kwa yeyote atakayefungua faili.

Nawasifu pia kwa uaminifu katika ushahidi wa ndoa. Walichukua picha za harusi, risiti za fedha alizotuma kaka kwa simu, tiketi zake za ndege na mazungumzo machache ya kila mwaka, wakakataa kuongeza chochote. Nilimsikia mteja mwingine akiomba asaidiwe kupata picha za kuazima, na mfanyakazi akamjibu waziwazi kwamba ofisi haifanyi hivyo. Alikuwa sahihi. Kudanganya juu ya jambo la msingi ili kupata viza humfungia mtu mlango wa Marekani maisha yake yote, isipokuwa apate msamaha ambao si rahisi kuupata, na hakuna picha inayostahili gharama hiyo.

Kuhusu fedha, ada yao ilikuwa shilingi milioni moja na nusu kwa faili zima, tukapewa risiti, na haikuongezeka baadaye. Kasoro ilikuja walipotaka tuwakabidhi dola za malipo ya Kituo cha Kitaifa cha Viza, NVC, ili wao walipe. Ada hizo ni dola 325 kwa kila mwombaji na dola 120 kwa ukaguzi wa hati ya udhamini, yaani ahadi ya mwombeaji kwamba atawatunza wanaohamia, na hulipwa kwenye tovuti ya serikali ya Marekani kutoka akaunti ya benki iliyoko Marekani. Mwenye akaunti hiyo ni kaka. Hakuna sababu ya fedha hizo kupitia mikononi mwa mtu wa tatu mjini Kampala, na tulipokataa hawakubishana, jambo linalonifanya niamini kwamba wateja wengine hukubali. Anayekwenda kwenye ofisi yoyote ya namna hii atenganishe tangu mwanzo malipo ya kazi yao na ada za serikali, na ada za serikali azilipe yule aliyeko Marekani kwa mkono wake mwenyewe. Tofauti hiyo ni muhimu zaidi sasa, kwa sababu ada zilipanda tarehe 1 Aprili 2024: ombi la jamaa, yaani fomu I-130, lililokuwa dola 535, sasa ni dola 625 likiwasilishwa mtandaoni na 675 likiwasilishwa kwa karatasi. Mfanyakazi mmoja alikuwa bado anatumia jedwali la zamani tulipomuuliza.

Hati ya udhamini waliieleza vizuri, ila kwa haraka mno. Kaka alitakiwa kuonyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini cha Marekani. Kwa kaya ya watu wanne mwaka 2025 hiyo ilikuwa dola 40,187 kwa mwaka. Ambalo hawakulisema ni kwamba sahihi ile ni mkataba usiokatika kwa talaka, na hudumu mpaka anayedhaminiwa awe raia, au atimize takriban miaka kumi ya kazi, au aondoke moja kwa moja, au afariki. Kaka yangu angetia sahihi vyovyote vile. Hata hivyo mdhamini wa nje ya familia, rafiki anayeombwa kusaidia kwa sababu kipato cha mume hakitoshi, ana haki ya kuambiwa hayo kabla hajachukua kalamu.

Sasa nije kwenye lawama yangu kubwa.

Kaka alipata ukazi wa kudumu mwaka 2019 kwa bahati nasibu ya viza, akiwa bado hajaoa. Alipomwombea mkewe mwaka 2023 alikuwa mwenye kadi ya kijani, si raia, kwa hiyo ombi liliingia katika kundi la wenzi na watoto wa wakazi wa kudumu, kundi lenye idadi maalumu ya viza kwa mwaka. Tangu Aprili 2023 kundi hilo lina foleni: mtu hushika nafasi kwa tarehe ombi lake lilipopokelewa, kisha husubiri tarehe hiyo ifikiwe katika taarifa ya viza inayotolewa kila mwezi. Mke wa raia hana foleni hiyo. Kwa hiyo kaka alipotimiza miaka mitano ya ukazi, ofisi ilimwandikia aombe uraia mara moja, kwamba mkewe atatoka kwenye foleni na watoto wataingia pamoja naye. Sehemu ya kwanza ni kweli. Ya pili si kweli, na wanaoumizwa nayo ni watoto.

Katika kundi la wakazi wa kudumu, ombi moja la mke huwabeba watoto wake walio chini ya miaka 21 na wasiooa wala kuolewa. Mume akiwa raia, mke huhamia kundi la jamaa wa karibu wa raia, na kundi hilo halimbebi mtu mwingine yeyote. Kila mtoto anahitaji ombi lake, fomu yake na ada yake. Familia isiyojua hilo hufika mwisho wa safari ikiwa na viza moja ya mama na watoto wasio na kitu, kisha mama huchagua kati ya kutangulia na kubaki. Ninalisema kwa uchungu kwa sababu ofisi hiyo ina picha za familia ukutani, na inajua vizuri kwamba watu hawaji pale kutafuta viza ya mtu mmoja.

Tuliokolewa na wakili wa Massachusetts ambaye kaka, kabla ya kula kiapo cha uraia, alimlipa kwa saa chache tu za ushauri. Wakili hakumkataza kuomba uraia. Alimwekea njia mbili mezani: abaki mkazi na angoje foleni pamoja na watu wake watatu katika ombi moja, au awe raia na awasilishe maombi mawili mapya mara tu baada ya kiapo, jumla dola 1,250. Alimweleza pia kwamba umri wa mtoto wa raia husimama siku ombi linapowasilishwa, hivyo binti mwenye miaka 17 hatapoteza nafasi yake hata shughuli ikichelewa. Kaka alichagua njia ya pili akijua anachokichagua. Maombi ya watoto yalipoandaliwa, kila kilichotakiwa, yaani cheti cha ndoa chenye tarehe, cheti cha binti chenye jina la mama yake, na cheti cha mtoto mdogo chenye jina la baba yake, kilikuwa tayari, kwa kazi nzuri ya ofisi hii hii ninayoilaumu.

Hawakumuuliza kaka swali jingine lililokuwa la lazima: alikaa nje ya Marekani muda gani? Mwaka 2022 alikaa Uganda zaidi ya miezi sita mfululizo, kwa harusi na kwa ugonjwa wa baba yetu. Anayeomba uraia kwa njia ya miaka mitano anatakiwa awe amekuwapo Marekani kwa mwili angalau miezi 30 ya miaka hiyo, na safari inayozidi miezi sita humfanya afisa aanze na dhana kwamba ukazi wake ulikatika. Ikifika mwaka mzima, hukatika. Dhana hiyo ya miezi sita inaweza kuondolewa kwa ushahidi, na kaka aliiondoa kwa mkataba wa nyumba aliyoendelea kuilipia, barua ya likizo kutoka kazini na taarifa za kodi. Lakini mtu aliyeambiwa "omba mara moja" bila kuulizwa huingia chumba cha mahojiano mikono mitupu.

Kijitabu chao kinasema vilevile kwamba watoto wa raia huwa raia wakifika. Mtoto mdogo wa kaka, ndiyo: sheria iliyoanza kutumika mwaka 2001 humpa uraia mtoto aliye chini ya miaka 18, mwenye ukazi wa kudumu, anayeishi Marekani chini ya ulezi wa mzazi wake raia. Binti hapana. Mtoto wa kambo hahesabiwi katika sheria hiyo mpaka aasiliwe kisheria, kwa hiyo atakuwa na kadi ya kijani na ataomba uraia mwenyewe wakati wake ukifika. Watoto wawili wa nyumba moja watakuwa na hadhi mbili, na mama yao alipaswa kulijua hilo mapema ili alizungumze nao.

Upande wa Uganda nao waliupitia juu juu, jambo lililonishangaza kwa kuwa ndilo eneo lao. Walimwambia kaka kwamba uraia wa nchi mbili unaruhusiwa, basi. Unaruhusiwa, tangu Katiba ilipobadilishwa mwaka 2005 na sheria yake kupitishwa mwaka 2009, lakini una masharti na taratibu zake, na ombi huwasilishwa kwa Kurugenzi ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji. Asiye raia wa Uganda hawezi kumiliki ardhi ya mailo, ile ya umiliki wa kudumu wenye asili ya Buganda, wala ya umiliki huru; anaweza tu kukodishiwa, kwa muda usiozidi miaka 99. Kaka ana shamba la urithi Mukono, karibu na makaburi ya wazee wetu. Kwa mtu kama huyo, kuweka sawa uraia wake wa Uganda si jambo la kuahirishwa hadi atakaporudi likizo, na kungetajwa kwenye barua ile ile iliyomhimiza kula kiapo cha Marekani.

Mwishoni walijitolea kufungua faili langu pia, kama ndugu wa raia. Nililazimika kuuliza mwenyewe foleni hiyo ni ya miaka mingapi ndipo nikaambiwa inazidi 15. Nimekataa. Mama yetu, ambaye mtoto raia aliyetimiza miaka 21 anaweza kumwombea bila foleni, bado anafikiri, na hakuna anayemsukuma.

Kwa hiyo ninaipendekeza ofisi hii kwa yeyote mwenye ndoa isiyosajiliwa, majina yasiyolingana au cheti cha kuzaliwa kilichochelewa, na ninaishauri ofisi yenyewe iajiri wakili wa Marekani au ikome kutoa ushauri wa uraia; huko Marekani kwenyewe ushauri wa kisheria wa uhamiaji hutolewa na mawakili na wawakilishi walioidhinishwa na Wizara ya Sheria tu. Kwa upande wetu imebaki hatua moja wanayoifanya vizuri, nayo ni vyeti vya tabia njema kutoka Interpol ya Polisi ya Uganda. Wamemkumbusha wifi kwamba hata binti anahitaji chake, kwa kuwa kila mwenye miaka 16 na zaidi anatakiwa kuwa nacho, na kwamba visichukuliwe mapema mno visije vikaisha muda kabla ya mahojiano. Hilo tumewaachia wao. Maswali mengine yote kaka anayapeleka kwa wakili wake.